Onésime na Asili ya Neno Sukari

Mwaka wa 1954 Onésime Munyakazi aliendesha lori kati ya Goma na Kampala. Alikuwa amefiwa na mke. Kila aliporudi alikunywa chai katika mtaa wa Birere, mjini Goma, kwenye mkahawa wa Kahindo, mjane wa kutoka Butembo, mwenye ulimi mkali.

Siku moja alimsomea maandishi ya gunia la sukari aliloleta, akadai kwamba neno lenyewe ni la Kiingereza, shuga, na Waswahili waliliiga wakasema sukari. Kahindo akakataa katakata. Kwake, wazungu ndio walioazima.

“Leta ushahidi, Papa Onésime, ao unyamaze,” alimwambia.

Onésime akaenda kwa padri wa misioni. Padri akamweleza kwamba Waingereza walilipata neno kwa Wafaransa, wanaosema sucre. Wafaransa kwa Waitalia, na Waitalia kwa Waarabu, wanaosema sukkar. Waswahili nao walichota kwa Waarabu hao hao. Kumbe shuga na sukari ni ndugu, wala hakuna aliyemzaa mwenzake.

Angeweza kuishia hapo. Lakini alijua kwamba neno likiisha, hatakuwa na la kumwambia Kahindo zaidi ya kuagiza chai. Basi Kampala akamwuliza mzee Jivraj, Mhindi aliyeuza sukari. Mzee akasema Waarabu walilitoa kwa Waajemi, kwao ni shakar, na chimbuko lake ni Uhindini. Katika lugha ya kale ya sala zao ni sharkara, na maana yake ya kwanza ni changarawe, kwa vile chembe za sukari hufanana nazo.

Wakati wa kurudi, mvua ikakata barabara upande wa Rutshuru, akakwama huko siku nyingi. Alipofika Birere, Kahindo alimpokea kwa hasira: alikuwa amewauliza madereva wote habari zake, na hakuna aliyejua. Onésime akasimulia safari ya neno tangu mwanzo. Kahindo alisikiliza huku akisugua vikombe, kisha akatazama mawe meusi ya volkano yaliyojaa njiani.

“Basi hapa Goma tunakanyaga sukari kila siku,” alisema. “Na mbele ya kufika kwa Wahindi, lilitoka wapi?”

“Mzee hakujua.”

“Basi haujamaliza. Ikala chini, ukule kwanza.”

Walifunga ndoa kanisani baada ya Pasaka. Wateja walipouliza nani alishinda ubishi ule, mume na mke kila mmoja alijitaja mwenyewe.