Siku Atusaye Aliposhuka Wampembe

Mke wangu Atusaye ni nesi, na kwa sababu hiyo anajulikana kuliko mimi. Nikipita sokoni naitwa mume wa nesi. Nina cherehani mbili pale Chanji, na nusu ya wanaume wa kata ile wameoa wakiwa wamevaa suruali nilizoshona mimi, lakini sijamsikia hata mmoja akimwita Atusaye mke wa fundi Fabiani. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa namna gani. Mimi nina wivu. Tangu tukiwa wadogo kule Kasense nilikuwa nahesabu vipande vya nyama kwenye bakuli la kaka yangu kabla sijaangalia changu.

Atusaye ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Alikuja Rukwa na barua ya ajira akiwa na miaka ishirini na minne, akapangiwa zahanati ya Wampembe, chini kabisa, Ziwa Tanganyika. Alikaa huko miaka mitatu. Kisha akahamishiwa mjini Sumbawanga, na siku moja akaja kibandani kwangu kupunguziwa kiuno cha sare. Nikampima. Wiki iliyofuata nikamwita nimpime tena, bila sababu yoyote ya kifundi. Mwaka haukuisha tukafunga ndoa, na sasa mtoto wetu Happy yuko chuo.

Miaka ile mitatu ya Wampembe hakunificha, ila aliisimulia kwa ufupi uliozidi. Kulikuwa na joto, kulikuwa na malaria, watu walikuwa wema. Basi! Mwanamke huyu foleni ya benki ataisimulia kuanzia chai mpaka ugali, halafu miaka mitatu ya usichana wake anaimaliza kwa maneno tisa. Na kila Krismasi simu inapigwa kutoka huko, naye anaipokelea nje.

Mwaka huu, Mei Mosi, akatangazwa mfanyakazi bora. Wenzake miaka ya nyuma walipewa televisheni. Yeye akapewa tiketi mbili za meli ya matembezi, siku nne ziwani, kutoka Kasanga hadi Kigoma. Watu wakanipongeza mimi kana kwamba nimebahatika. Nilipongezeka kwa shida. Sijui kuogelea, na bafu langu ni la ndoo.

Tuliondoka Sumbawanga mwezi wa saba, alfajiri, baridi imekaza. Nilivaa koti langu zito, nililolishona mwenyewe, lina mifuko minne ya ndani. Humo niliweka pesa, kitambulisho, miwani na dawa za presha. Ndiyo maana sikulivua hata tulipofika ziwani, ambako watu walikuwa wanatembea na singlendi.

Meli ile ilikuwa na utaratibu wake. Ikitia nanga, abiria wanaotaka wanashuka na mwongoza wageni, kwa kundi, na kundi lisiporudi meli inasubiri. Anayetaka kushuka mwenyewe na kuzunguka anakojua, ruksa, ila huyo hasubiriwi. Honi inalia mara tatu. Ya tatu ikilia na wewe uko nchi kavu, hiyo ni shauri yako. Msimamizi wa abiria, bwana mmoja mnene aitwaye Jafeti, alitutangazia hayo asubuhi ya pili, Wampembe ikiwa mbele yetu.

Meli haikusogea ufukoni. Mitumbwi na boti ndogo ndizo zilizokuja kutuzunguka, wenye nazo wakipiga kelele kuita abiria. Atusaye alikuwa amejifunga kitenge kipya. Kipya! Hata mimi sikuwa nimekiona.

"Baba Happy, twende," akasema. "Tushuke wenyewe. Nataka nikamsalimie mwenyeji wangu wa zamani."

Nilitazama kile kiboti kikinesanesa. "Mimi siingii kwenye kile kitu. Nenda na kundi."

"Kundi linakwenda kuangalia nini ambacho sikijui? Basi nitakwenda peke yangu. Wewe pumzika."

Angeniambia mara moja tu zaidi, ningekwenda. Hakuniambia. Alishuka ngazi upesi kama msichana, akakaa kwenye boti, na hakugeuka. Nikabaki nimeshika chuma cha meli, nikijiuliza swali moja ambalo nadhani nililibeba tangu siku ya ndoa bila kulifungua: je, Atusaye alinichagua mimi, au mimi ndiye niliyebaki baada ya mwingine kushindikana?

Boti lililofuata nililipanda. Sitaeleza nilivyolipanda. Nilifumba macho na kusali rozari nzima, na mwenye boti akaniambia nimkanyage taratibu.

Kumfuata mtu Wampembe ukiwa umevaa koti la Sumbawanga si jambo la siri. Kina mama waliokuwa wakianika dagaa waliacha kazi. "Shikamoo baba! Huko juu mvua imenyesha?" mmoja akaniuliza, na wenzake wakacheka hadi wakakaa chini. Niliitikia marahaba na kukaza mwendo, jasho likinitiririka mgongoni. Kitenge kipya kilikuwa kinakata kona mbele yangu bila kuuliza njia. Baada ya miaka zaidi ya ishirini, bado anaijua kila kona!

Aliingia kwenye ua mmoja wenye nyavu zimetundikwa. Mimi nikachuchumaa nyuma ya banda la kukaushia samaki, palipokuwa na upenyo.

Akatoka mwanamume. Naomba nimweleze kifundi, kwa sababu ndivyo nilivyomwona: kifua inchi arobaini na nne, mabega hayahitaji pamba, tumbo hakuna. Umri kama wangu, miaka hamsini na kidogo, lakini yeye miaka ilikuwa imempitia pembeni. Alikunjua mikono akasema, "Atu!"

Atu. Mimi namwita Mama Happy.

Halafu nikaona shati. Lilikuwa la kitenge cha bluu, kola ya kusimama, na ule mshono wa bega unaorudiwa mara mbili ni wangu, hakuna fundi mwingine Sumbawanga mwenye subira hiyo. Mwaka juzi Atusaye aliniletea vipimo kwenye karatasi. Aliniambia ni vya mtu mmoja wa ziwani aliyemfaa zamani, nami nikawaza mzee fulani mwenye mkongojo. Kifua inchi arobaini na nne, na mimi fundi mzima sikujiuliza! Nililishona kwa siku mbili. Nilimpigia pasi. Nilimpendezesha kwa mikono yangu.

Mke wa yule bwana alipita na sufuria, mama mmoja mpole aliyeitwa Coleta, nikamwonea huruma nikaona kama na yeye hajui kinachoendelea kwake. Wakaketi mkekani. Ukaletwa ugali wa muhogo na kuhe, samaki wa ziwa lile, wa kuchemsha. Nyumbani kwangu Atusaye husema muhogo unamsumbua tumbo. Pale alimega matonge kama mtu aliyetoka kulima, na akacheka. Ndicho kilichonimaliza. Alicheka ameinua kichwa, mdomo wazi, akijipiga paja. Nimeishi naye muda wote huo, nimemchekesha mara nyingi na kujisifu, na kicheko kile sikukijua. Iliniuma kiasi kwamba nilisahau joto.

Coleta akaweka sahani nyingine, akaijaza, akaifunika. Nikahesabu watu: watatu. Sahani: nne. Nikawaza, hee, kumbe kuna na mwingine anakuja.

Honi ya kwanza ikalia. Hawakunyanyuka. Ya pili ikalia, wakaanza kuagana polepole, nami nikatoka mbio nitangulie ufukoni. Nilipofika hakukuwa na boti. Zote zilikuwa zimewapeleka watu wa kundi, zilionekana huko mbali zimebandana na meli. Lililobaki ni moja tu, jeupe, limefungwa kwenye jiwe. Nikasimama hapo kama gunia lililosahauliwa hadi sauti ikaja nyuma yangu.

"Shemeji! Karibu sana Wampembe. Mimi Kornel."

Alikuwa amebeba mkoba wa Atusaye, na Atusaye alikuwa nyuma yake. Mke wangu hakushangaa kuniona. Hata kidogo.

Pale ufukoni boti haifiki nchi kavu, na mwenye boti huwabeba abiria mgongoni hadi lilipo. Kornel alianza na Atusaye, akambeba hima na kumweka ndani. Kisha akanirudia mimi, akanigeuzia mgongo, akainama. Nilitaka kukataa. Honi ya tatu ilikuwa karibu, na maji mbele yangu yalikuwa hayana mwisho. Nikapanda. Nikamkumbatia shingoni mtu niliyekuwa nimepanga kumkaba, uso wangu ukiwa juu ya mshono wangu mwenyewe, naye akatembea majini kwa utulivu akinisemesha.

"Chakula chako kimepoa, shemeji. Coleta amekufungia. Tulidhani utachoka kuchuchumaa, utaingia."

Ningejibu nini, nikiwa nimebebwa?

Tulifika meli ikinguruma. Kornel aliniinua hadi ngazini, akatupungia mkono, akaondoka. Nilisubiri mpaka boti likawa dogo kabisa ndipo nikamgeukia Atusaye.

"Alikuchumbia?"

"Alinichumbia."

"Ukamkataa, au yeye ndiye aliyeacha?"

Alinitazama kwa macho yale anayowatazamia wagonjwa wanaosema wamemeza dawa. "Nilimkataa. Nilimpenda, Baba Happy, sitakudanganya ukubwani. Lakini alikuwa akienda kuvua, upepo ukiinuka silali. Miaka mitatu sikulala. Nikasema nitaolewa na mtu ambaye nikimwacha mahali, nikirudi namkuta. Nikakukuta wewe, umekaa kwenye cherehani. Asubuhi upo, jioni upo. Nimelala usingizi mzuri tangu siku ile."

Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Nilitamani angalau siku moja ya maisha yangu niwe mtu wa kumkosesha mwanamke usingizi.

"Miaka yote nimekuwa nikimsimulia Kornel habari zako kwenye simu," akaendelea. "Leo nilitaka akuone. Ukakataa kushuka. Tulipoliona koti lako linapita nyuma ya banda, nikafurahi, nikamwambia Coleta aongeze sahani. Basi amekuona. Amemwona mume wangu kwenye upenyo wa banda la samaki."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Alinifungulia chakula, akanipa, na mimi nikala kwa sababu tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu tumboni. Kuhe yule alikuwa mtamu, na utamu wake ukaniongezea uchungu.

Alipoona nimemaliza akachukua sahani, akasimama.

"Kesho meli inatia nanga Kipili. Mimi nitashuka mwenyewe tena. Utashuka nami, au utanifuata?"

Nikamwambia nitashuka naye. Akaenda kuosha sahani, nami nikabaki nimekaa pale, nikijiuliza Kipili anamjua nani.