Kona Niliyoichora kwenye Uwanja wa Kilio

Siku yangu ya kwanza katika biro ya urbanisme, ofisi ya kupanga mji, hapa Kamina, sikupewa kalamu. Nilipewa dekameta, ule utepe wa kupimia ardhi, na furushi la jaloni, fimbo nyekundu na nyeupe ambazo mpimaji husimamisha ili apate mstari ulionyooka. Shefu wa biro, Mmethodisti aliyevaa tai hata penye vumbi, aliniambia: "Weye kijana, fimbo ikisimama mubaya, mutaa wote unakuwa mubaya. Kazi yetu iko kunyoosha."

Niliamini hivyo miaka mingi.

Baadaye nilitumwa Kabondo-Dianda kupima kiwanja cha shule. Mvua iliharibu njia, nikakwama huko wiki kadhaa, basi nikaanza kuchora nyumba za watu ili nisikae bure. Zote zilielekeza milango kwenye uwanja mmoja. Fundi aliyenipa malazi alinieleza kwamba mlango usioonekana na jirani ni wa mtu mwenye kuficha kitu. Wanawake walipaka kuta udongo mwekundu na mweupe, kila ukoo kwa michoro yake. Nilirudi na daftari lililojaa. Shefu wa biro alilifunua mara moja, akalitia kwenye droo.

Nilikuwa nimeshaota mvi ulipokuja mradi wa kutengeneza kartie yetu, mtaa uliojengwa bila plani nyuma ya reli. Tulihitaji barabara, mabomba, na hasa mitaro, maana kila masika nyumba za matofali mabichi zilianguka, nyingine zikiwa na watu ndani. Mkuu wa mradi, injinia kutoka Lubumbashi, alipiga mstari mmoja mnyoofu. Ulipita juu ya uwanja wa Mama Banza, mkongwe wa kartie, penye nyumba za zamani zilizotazamana, kuta zake zikiwa na michoro kama ile ya Kabondo-Dianda. Hapo ndipo kartie nzima ilipofanyia kilio mtu akifa.

"Iko nyumba za udongo," injinia alisema. "Tutabajengea za bloku."

"Shefu, hapana nyumba tu," nilimjibu. "Pale njo bantu banalilaka bafu babo."

"Basi unionyeshe njia ingine. Nakupa juma moja."

Nilibisha hodi mlango kwa mlango, nikiomba nafasi ya kupindishia barabara. Huyu alitoa jiko, yule akatoa ua. Lakini maji hayabembelezwi: mtaro lazima ufuate mteremko, na mteremko uliniachia mahali pamoja tu pa kupinda. Ni pale ilipokuwa sebule yangu na baraza, ambayo mke wangu Ngoie aliisiriba kwa mikono yake. Nilichora.

Injinia aliweka kidole kwenye kona. "Hii iko nyumba ya nani?"

"Ya kwangu."

Alitia sahihi.

Ngoie alijua siku niliposimamisha jaloni mbele ya baraza. Alikuwa anaanika mihogo.

"Baba Numbi, uliuliza ku milango yote ya kartie. Ku yetu haukupiga hodi."

"Ningekuuliza, ungekubali?"

"Ningekubali," alisema. "Lakini haukuniuliza."

Mwezi huo alikwenda Lubumbashi kwa binti yetu Numbi, kupumzika. Akakaa hukohuko.

Sasa niko kwenye pansheni. Masika yanapita, maji yanakwenda mtaroni, na wanawake wa uwanja ule bado hupaka kuta zao upya kila kiangazi. Vijana wa biro huja kuuliza namna ya kutengeneza kartie bila kuiua. Nawaambia waanze na mteremko, kisha waulize watu wanalilia wapi wafu wao. Wanaandika, wananishukuru, wanapanda pikipiki zao. Kartie nzima hunisalimia kwa heshima, na siku nyingine hakuna neno linalozidi salamu mpaka nifunge mlango.

Kiangazi kilichopita Mama Banza alifariki. Ngoie alikuja kwa treni. Siku tatu alikaa uwanjani na wanawake, akalia nao, akapika nao. Mimi nilikaa upande wa wanaume. Alinisalimia vizuri mbele ya watu, akaniuliza habari ya magoti yangu. Kilio kilipokwisha alichukua mfuko wake, akaenda gare kupanda treni.

Vyumba vilivyobaki vya nyumba yetu viko ng'ambo tu ya barabara. Ni mita sita, nilizipima mwenyewe. Hakuivuka.