Mikono Iliyokanda Marashi

Wakati wa vita, treni ilipoacha kufika Kindu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, sabuni ya dukani ilikwisha kabisa. Mama na mdogo wake, ambaye sisi watoto tulimwita mama mudogo, wakaanza kupika ya mawese uani kwetu. Mama mudogo alishika soda, ile kali ya kugeuza mafuta kuwa sabuni, kwa hadhari, maana soda huunguza. Mama alikuwa mtu wa marashi. Sabuni ikishakauka aliikwangua, akaimwagia marashi makali ya kichupa, akaikanda upya kwa mikono mitupu. Mwiko, alisema, hauwezi kuingiza harufu. Sabuni yake iligombaniwa sokoni. Hata vita havikuwazuia wanawake wa Kindu kutaka kunukia, na mimi siwalaumu.

Kisha vidole vya mama vikaanza kuwasha, vikapasuka, vikatoa maji. Na mama yangu, mbishi kuliko watu wote niliowahi kuwajua, akatafuta dawa palepale kwenye beseni: aliosha vidonda kwa sabuni yake mwenyewe, ile yenye marashi mengi zaidi, eti uchafu utoke. Vikazidi. Msikitini wanawake wakawa wanamsalimia kwa mdomo tu, mikono wameificha ndani ya vitenge. Iliniuma, na inaniuma bado.

Vita viliisha, yeye akaendelea kukanda. Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja alimwambia waziwazi:

— Mama, marashi njo yanakuumiza. Ngozi yako inayakataa. Uache.

— Nikiacha, nani atanunua sabuni yangu? Iko wengi wenye kupika.

Nilimnunulia glavu. Alizivaa asubuhi moja, akazitupa, akidai zinamzuia kuisikia sabuni.

Alifariki mwaka huu, kwa homa. Tulipokaa kumuosha, mama mudogo alitoa kichupa cha marashi, kama desturi yetu inavyotaka. Nikamshika mkono.

— Mama mudogo, musimupake. Tafazali.

— Mutoto wangu, maiti hasikii kitu. Watu watasema tulimuzika kama muntu bila ndugu.

— Waseme.

Alinitazama, kisha akatazama vidole vya dada yake. Akafunga kichupa. Tukamuosha kwa maji matupu.

Niliinama shingoni pake kumuaga, na kwa mara ya kwanza hakunukia kazi yake. Nililia kwa sauti. Harufu ya sabuni niliijua tangu utotoni. Ya mama yangu mwenyewe sikuwahi kuijua.