Kikao cha Gia ya Pili

Kwetu ndoa ikiyumba huitwa wasimamizi. Ndio waliosimama nanyi kanisani siku ya harusi, na tangu siku hiyo wana haki ya kuja kukaa sebuleni kwenu, kunywa chai yenu, na kuamua nani mkosaji. Nimeshuhudia vikao vya ulevi, vya ugoni, vya mume aliyejenga kwa mama yake kwa siri. Cha kwangu kilikuwa cha giaboksi.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la spoti, la viti viwili, la gia za mkono. Nililinunua majira ya joto, baada ya miaka mingi ya kuendesha magari makubwa yanayonuka chipsi na soksi za watoto. Sikuwa na sababu ya maana. Nililipenda tu. Wanaume wa ushirika wetu hapa Richfield walilizunguka baada ya ibada, na kila mmoja akaniuliza kama mzee ameridhia. Mzee, yaani mume wangu, alikuwa amesimama pale pale akitabasamu. Yeye alijifunza kuendesha huku huku Marekani, kwenye gari la otomatiki, na mguu wake wa kushoto haujawahi kufanya kazi hata siku moja. Mimi nilijifunzia pikapu ya mjomba kwenye vilima vya Moshi, ambako ukikosea gia unarudi kinyumenyume hadi kwenye migomba ya watu.

Majira yote ya joto gia ziliingia bila kelele. Majani yalipoanza kupukutika, baba msimamizi akaja kutoka Lakeville na dumu la oili. Ana kazi nzuri ya ofisini, nyumba yenye gereji ya magari matatu, na imani moja ambayo hakuna mahubiri yatakayoiondoa: kwamba ujuzi wote wa magari ulibaki Tanzania. Enzi za ujana wake alikuwa akipanda malori ya baba yake mdogo kule Singida. Malori yalikuwa yamechakaa na jua lilikuwa kali, kwa hiyo waliyapa oili nzito ili giaboksi zisipige kelele. Kwa malori yale, na kwa jua lile, huenda ilikuwa akili.

"Binti yangu," aliniambia, "oili ya hawa watu ni maji matupu. Hii ndiyo oili ya gia. Inashika."

Akaingia chini ya gari langu bila kuombwa, akamwaga iliyokuwemo, akajaza ya kwake. Nikamshukuru, nikampikia machalari, akala sahani mbili.

Kisha ikaja baridi ya huku, ile inayogandisha pua ukiwa bado mlangoni. Gia ya pili ikaanza kukataa. Nikiisukuma asubuhi inakwaruza kwa sauti inayouma meno. Ya tatu nayo ikawa nzito, lazima niibembeleze. Jumapili moja tukienda kanisani mume wangu alisikia, akatikisa kichwa kama daktari.

"Mama watoto, unaliua hili gari."

Baada ya ibada kila mtu alikuwa na jibu. Walifungua boneti, wakainama, wakaikazia macho injini. Giaboksi ya gari lile haionekani ukifungua boneti, iko chini huko nyuma ya injini, lakini hakuna aliyeona haya. Jirani yetu Mkenya, nesi wa zamu za usiku, alinigeukia kwa huruma. "Siz, hiyo clutch imeisha. Uki-drive na mguu kwa clutch lazima iungue." Mwingine akasema transmission yote imekufa. Walipingana kuhusu chuma, lakini kuhusu mimi walikubaliana bila kupiga kura.

Basi wasimamizi wakaitwa. Baba msimamizi alikaa kwenye kochi kubwa, mkewe pembeni yake, mikono mapajani. Huyu mama huja kwenye kiti cha abiria na huondoka kwenye kiti cha abiria. Katika miaka yote ya kumfahamu sikuwahi kumwona ameshika ufunguo.

"Gari la gia ni mkono, binti yangu," alisema baba. "Si wote wanao. Hata mama yako hapa alikuwa na gari dogo la gia tulipofika nchi hii. Nililihudumia mwenyewe kwa mikono yangu. Baridi ilipokuja akalishindwa. Tukaliuza, mpaka leo namwendesha mwenyewe, na tuna amani. Au sivyo, mama?"

Mama akasema ndivyo.

Hukumu ikatolewa: nipewe muda hadi kikao kijacho. Gia zikiendelea kulia, gari liuzwe, tununue linalomfaa mama wa familia. Mume wangu akasema anaona ni busara. Roho iliniuma kuliko nilivyotegemea. Niliona gari likiondoka, na baadaye kisa changu kikisimuliwa kwenye sebule ya mwanamke mwingine, mimi nikiwa nimekaa kando, mikono mapajani, nikisema ndivyo.

Nikaanza kufikiri, kazi ambayo kikao kizima kilikuwa kimeisahau. Kila asubuhi gia zilikwaruza kutoka nyumbani. Nikikaribia kazini Saint Paul zilikuwa laini. Gari likishinda nje kwenye baridi, jioni zinakwaruza upya. Kama ubovu ulikuwa mkono wangu, basi mkono wangu ulikuwa unapona kila nikivuka mto kuingia Saint Paul. Na klachi iliyochoka haiponi kwa kupashwa moto. Kilichokuwa kinabadilika njiani ni oili tu, iliyokuwa ikipata joto na kulainika. Ndani ya giaboksi kuna viringi vya shaba ambavyo husugua gia ili mwendo ulingane kabla hazijashikana. Oili ikiwa nzito kupita kiasi, viringi vinateleza juu yake, na gia zinakutana zikiwa bado zinagombana.

Siku yangu ya mapumziko nililipandisha gari kwenye stendi nne za chuma. Nikafungua kwanza nati ya kujazia, kwa sababu ukimwaga oili kisha ukashindwa kufungua pa kuijazia, umejifunga mwenyewe. Ndipo nikafungua ya chini. Oili ya baba msimamizi ikachungulia, ikasita, ikaning'inia kama mlenda. Nilisubiri nikiwa chali kwenye sakafu ya baridi, nikimtukana kwa heshima zote. Ilipokwisha kutoka nikaipapasa kwa vidole. Hapakuwa na vipande vya chuma, ila vumbi laini tu la shaba. Nikapampu oili nyepesi, ile waliyoitaka waliolitengeneza gari, mpaka ikaanza kutiririka kwenye tundu.

Kesho yake gia ya pili iliingia kwenye taa za kwanza, kimya kabisa. Nilipiga kigelegele peke yangu, na mzee mmoja kwenye gari la jirani akafunga kioo. Mume wangu sikumwambia. Oili ya zamani niliitia kwenye chupa ya kioo ya achari, nikaiacha nje kwenye baridi, kwenye ngazi za nyuma.

Siku ya kikao cha pili baba msimamizi alilichukua gari akalizungusha mtaa mzima. Akarudi akipangusa viatu, uso umechanua.

"Mnaona? Kikao kimesaidia. Ameanza kujifunza."

Mume wangu akapiga makofi. Nikatoka nyuma, nikaleta chupa na bakuli.

"Baba, naomba unimiminie hii."

Akaiinamisha. Hakikutoka kitu. Akaitikisa, akaigonga kitako.

"Ni ile uliyoniwekea," nikasema. "Nimeitoa. Sijajifunza chochote."

"Ndiyo oili nzuri hiyo," akasema. "Unaona inavyoshika?"

Mume wangu alitazama dari. Aliyesema alikuwa mama msimamizi, kwa sauti ndogo, kama anayeuliza bei.

"Na gari langu?"

"Gari gani, mama?"

"Nililolishindwa. Uliliwekea oili gani?"

Baba akasema ni zamani mno, nani atakumbuka. Mama alisimama, akavaa koti, akafunga buti zake moja moja, akaninyooshea mkono.

"Mwanangu, nipe ufunguo."

"Mama, nje kuna barafu," alisema baba. "Mama!"

Nikampa. Gari lilizimika mara moja, likawaka tena. Tulisikia gia ya kwanza, kisha ya pili, bila mkwaruzo, halafu ya tatu akishika barabara kubwa. Baba msimamizi alibaki kageukia dirisha, chupa mapajani, bado imeinama. Sebule ilikuwa na joto. Oili ilikuwa imeanza kulainika, inashuka taratibu kwenye suruali yake ya Jumapili. Sikumwambia.