Mume Wangu Kakatwa Mguu kwa Lori la Kiingereza, Tajiri Wake Anapanda Gari la Kijerumani

(Msomaji wetu wa Njombe ametuomba tusitaje jina lake wala la mtu yeyote aliyemo katika habari hii. Tumeyaficha. Someni, kisha mjibuni kupitia ukurasa huu.)

Bwana Mhariri, nanyi wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mama wa watoto watatu, naishi Mjimwema hapa Njombe. Kusoma na kuandika nilijifunza misheni. Nawaandikia nikiwa na hasira, basi maneno yangu yakiwa makali mnivumilie.

Mume wangu ni dereva. Niseme alikuwa dereva. Alimwendeshea lori Mwingereza mmoja mwenye shamba la miwati, ile miti ambayo magome yake hutengenezea ngozi, akipeleka magome Makambako na kurudi na chumvi, saruji na abiria. Lori la kwanza lilikuwa la Kimarekani. Lilikuwa limezeeka, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, lakini breki zake zilishika. Hata masika barabara ikiwa tope tupu, mume wangu alirudi nyumbani. Alichelewa, alichafuka, lakini alirudi mzima.

Kisha bwana, yule Mwingereza, akaliuza. Akaleta lori jipya la Kiingereza, kijani, linang'aa, akatukusanya uwanjani tulitazame. "Hili ni gari la nyumbani," alisema. "Fedha yetu ibaki kwetu, isiende kwa Wamarekani." Watu wakapiga makofi. Mimi nikajiuliza moyoni: nyumbani kwa nani?

Haukupita muda mume wangu akaanza kulalamika. Mlima mdogo tu, injini inachemka. Kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto, pedali inazama kama anakanyaga uji. Alimweleza bwana. Akaambiwa spea zinatoka Uingereza kwa meli, asubiri. Alipomweleza tena nilikuwepo, nimempelekea chakula, nikasikia kwa masikio yangu.

"Bwana, lile la zamani lilikuwa salama zaidi."

"Gari halina kosa," bwana akamjibu. "Wewe umezoea vibaya. Wamarekani wanauza bati, sisi tunauza chuma. Jifunze kuendesha chuma."

Siku ya ajali lori lilipakiwa magome mpaka juu, na juu ya magome walikaa wanawake waliokuwa wakienda sokoni Makambako. Kwenye mteremko breki zikakataa kabisa. Mume wangu akavuta breki ya mkono, haikushika. Akajaribu kurudisha gia, haikuingia. Mbele yake kulikuwa na kona, na chini ya kona korongo. Akakata usukani, akalibamiza lori kwenye ubavu wa mlima, upande aliokaa yeye mwenyewe. Wale wanawake walirushwa majanini wakaumia, lakini wote wako hai. Yeye alibanwa mguu, na daktari wa misheni akaukata juu ya goti.

Bwana alikuja hospitali. Pole hakusema. Alisimama mbele ya kitanda akasema, "Ulikuwa unakwenda mbio."

Mwanamke mmoja miongoni mwa wale abiria, mkono wake umefungwa vitambaa, akamjibu, "Bwana, hakwenda mbio. Tulimsikia akipiga kelele kwamba breki hazipo, tushikilie kamba." Bwana akageuka akatoka, kana kwamba hakuna mtu aliyesema neno.

Sasa sikieni kilichoniwasha moto. Mume wangu bado amelazwa, bwana huyo huyo akajinunulia gari dogo la kuchukulia mke na watoto wake. La Kijerumani! Wajerumani wale wale ambao kila siku anatusimulia jinsi alivyowapiga vitani. Mpishi wake, tunayesali naye, alimsikia akimwambia mgeni, "Milima hii ni mibaya, nami nina watoto. Sitaki mchezo na breki." Je, mume wangu hana watoto?

Lori limenyooshwa, limepakwa rangi. Spea za breki hazijafika mpaka leo. Bwana amemwita mdogo wake mume wangu aliendeshe. Mume wangu naye ameahidiwa kazi ya kulinda ghala, ila kwanza aende bomani akamwambie Bwana Shauri, ofisa wa serikali, kwamba kosa lilikuwa lake. Na amekubali!

"Baba watoto, utajisingizia?" nilimwuliza.

"Nani atamwajiri dereva wa mguu mmoja?" akasema, uso ameuelekeza ukutani.

Nikamgeukia shemeji, aliyekuwa amekaa kando yake. Akacheka. "Usiogope, shemeji. Mimi nitakwenda polepole."

"Kaka yako alikwenda polepole!" nikamwambia.

Sikuweza kukaa. Nilikwenda hadi nyumbani kwa bwana, nikamkuta barazani na mkewe. Nikamwambia, "Bwana, kama lori lile halina ubovu, wapakie mama huyu na watoto uteremke nao Makambako. Shemeji yangu mpe hili la Kijerumani." Mkewe akamtazama. Bwana akawa mwekundu, akanifukuza, akanituma niseme kwamba kazi ya ghala haipo tena mpaka nirudi nimpigie magoti.

Sasa nyumbani mimi ndiye adui. Mama mkwe anasema, "Kinywa chako kitatuua kwa njaa. Nenda kapige magoti." Wale wanawake walionusurika ajalini wako tayari kufuatana nami bomani tukaseme kweli, lakini mume wangu ameapa kwamba nikikanyaga huko nitakuwa nimemwaibisha, nifungashe nirudi kwa baba yangu.

Ndugu zangu, kaka zangu na dada zangu, mngekuwa mimi mngeelekea wapi, kwa bwana au bomani? Nijibuni upesi. Shemeji ameshaanza kulijaribu lori uwanjani, na watoto wangu wanakimbia nyuma yake wakishangilia.