Kitabu Ndani ya Tumbo la Mtu

Nyumbani kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, mtu hakuhesabiwa kuwa amesoma mpaka awe ameshika. Kushika, katika Kiswahili tulichotoka nacho Kivu Kusini, ni kuweka jambo kichwani likakaa. "Umeshika?" mama aliniuliza kila nilipofunga daftari, na nikijibu ndiyo hakuridhika. Alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, anachambua maharagwe ya jioni, nami ilinibidi nisimame mbele yake mikono mitupu.

Kwanza nilimwambia mambo ni mangapi. Nikisema saba, alitenga punje saba pembeni mwa mkeka. Kila nilipotaja jambo moja, aliokota punje moja akaitupa kwenye sufuria. Nikinyamaza kabla punje hazijaisha, hakunigombeza. Aliitazama ile iliyobaki, kisha akanitazama mimi.

"Moja imebakia," alisema. "Inalia, papa. Iitikie."

Papa ni mimi. Kwetu mama humwita hivyo mtoto wake wa kiume.

Kiingereza hakukijua, na masomo yangu yote yalikuwa ya Kiingereza. Alichojua ni kwamba mambo yalikuwa saba, na kwamba sauti yangu ilibadilika nilipobahatisha. Mara moja tu alinikamata kwenye neno lenyewe. Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza Uganda, na mimi bado nilikuwa nasikia Kiingereza kwa masikio ya Kifaransa. Mwalimu alitaja viungo vinavyotoa uchafu mwilini: ngozi, mapafu, figo, na cha nne akakiita liva, yaani ini. Mimi nikasikia livre, nikaandika livre, na jioni nikamwimbia mama yote manne kifua mbele. Punje ya nne ilibaki katikati ya vidole vyake.

"Livre," alisema. Miaka yake michache ya shule ilikuwa ya Kifaransa, na hilo neno lilikuwa halijamtoka. "Livre si kitabu?"

"Ndiyo, mama."

"Kitabu inafanya nini mu tumbo ya mutu?"

"Inatoa uchafu. Njo vile mwalimu alisema."

"Basi ya kwako haitatoa kitu, juu ya vile hauifungue."

Jirani yetu, mama mmoja wa Kirundi aliyekuwa anapita na jerikani, alilazimika kuitua chini ili acheke vizuri. Tangu siku hiyo ini halikuitwa ini tena nyumbani kwetu. Siku chache ambazo mama alirudi nalo kutoka sokoni, alisema mlangoni, "Leo tunakula kitabu," na sisi watoto tukakimbilia sahani.

Nimeandika hayo kwanza kwa sababu nikianzia Mbarara nitaonekana mtu aliyezaliwa bila watu.

Nilipoingia chuo kikuu Mbarara, mama na wadogo zangu walikuwa tayari wamepelekwa kuishi nchi ya tatu, mbali, kwenye baridi. Faili langu lilitengwa na lao nilipofikisha umri wa mtu mzima. Maofisa wa wakimbizi walisema langu lingefuata. Nilipanga chumba mtaa wa Kakoba, kimoja katika mstari wa vyumba vilivyogawanywa kwa ukuta mwembamba kiasi cha kusikia jirani akikoroga chai. Ukuta huo ndio ulioniharibia masomo, au ndivyo nilivyojiambia, kwa sababu mimi huanza kwa kutafuta kosa langu liko ndani ya kitu gani. Sikuweza kusoma kwa sauti. Niliwaza jirani angefikiri naomba, kisha nikawaza angefikiri nimerukwa na akili, kisha nikawaza huenda hafikiri chochote kuhusu mimi, na hilo la tatu likaniuma kuliko mengine.

Kwa hiyo nilisoma kimya. Nilisoma sana. Nilipiga mistari ya kijani chini ya mambo makubwa na ya njano chini ya madogo, nikarudia ukurasa uleule mpaka macho yakateleza juu yake bila kukwama. Kila nilipofungua daftari niliyatambua yote, kama mtu anavyotambua nyuso za watu kanisani. Nikasema, nimeshika.

Kwenye mtihani wa mwaka wa mwisho, somo la mwili wa binadamu, swali lilitaka kazi saba za ini. Niliuona ukurasa. Niliona kwamba jibu lilikuwa upande wa kushoto, chini, na kwamba mstari wa pili wa kijani ulipinda pale kalamu ilipoteleza. Niliona hata doa la chai. Maneno yenyewe hayakuwepo. Ilikuwa kama kuwatambua watu kanisani kisha kuambiwa uwataje majina.

Nilishindwa somo hilo. Nilipewa nafasi ya kulirudia mara moja. Nikishindwa tena, wenzangu wangevaa majoho na mimi ningebaki kurudia mwaka, na mfadhili aliyenilipia alikuwa ameshaeleza kwamba halipii mwaka wa kurudia. Hapo ingekuwa imeisha. Ningerudi Nakivale, kwenye nyumba ambayo sasa wanakaa watu wengine.

Nilimwambia mama. Hakusikitika kwa sauti. Alisema, "Nitumie sauti yako. Sema yote, nitahesabu."

Nikawa narekodi ujumbe wa sauti. Kwa kuwa chumbani ilishindikana, alasiri nilitembea barabara ya kuelekea Ruti na simu sikioni, nikisoma kazi za figo kwa sauti ya mtu anayepanga safari na ndugu yake. Majibu ya mama yalikuja baada ya saa nyingi, maana mchana wangu ni usiku wake. Nyuma ya sauti yake basi lilikuwa linanguruma. "Nimesikiliza mu njia ya kazi. Maharagwe sina, nimehesabu na vidole. Nasikia tano. Ulisema ni sita, papa." Siku nyingine alipiga miayo katikati ya tano na sita. Niliusikiliza mwayo huo mara nyingi kuliko somo. Nikapiga hesabu ya usingizi wake, nikaona kwamba ninaula, na nikaacha kutuma. Sikumwambia kwamba nimeacha. Nilidhani ninampumzisha.

Kutembea na simu sikioni sikuacha, ila sasa hakukuwa na mtu upande wa pili wala sikurekodi. Nilikuwa nasema hewani. Nilijipa maksi mwenyewe, na mimi ni mtu mkali kwa mambo yote isipokuwa hilo: nikikwama, nilichungulia karatasi mfukoni, nikasema, aa, hilo nalijua, nikalihesabu.

Kwenye kona ambapo barabara yetu inaingia ile kubwa kuna steji ya bodaboda. Waendeshaji wakikosa abiria hucheza dama kwenye ubao, kwa vizibo vya soda. Alasiri moja nilikuwa napita hapo, simu sikioni, nikieleza kwa Kiingereza jinsi damu inavyosafishwa, na simu ikaita. Iliita ndani ya sikio langu, kwa ule mlio mkali, mbele ya steji nzima.

Mmoja wao, mtu mzima mwenye koti la mvua hata siku za jua, akauliza kwa Kiswahili chao cha huku, "Sebo, bwana, sasa ile mtu wa kwanza wewe naongea naye, amekwenda wapi?"

"Labda iko na simu ndani ya simu," mwingine akamjibu.

Nilipokea, kwa sababu kupokea kulikuwa njia pekee ya kuondoka pale. Alikuwa mama. Kwake kulikuwa hakujapambazuka.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza. "Nafikiri uko mugonjwa. Nafikiri umekasirika na mimi juu ya mwayo ya siku ile."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikizunguka, mpaka akanikatiza.

"Tafuta mutu huko."

"Mutu gani?"

"Yeyote. Hata asijue kitu. Mimi nilijua nini? Umupatie maharagwe, umwambie ni ngapi."

"Nitamwambia nini, mama? Bonjour, nihesabie?"

"Ndiyo. Vile."

Ilinichukua karibu wiki. Niliwapanga watu niliowajua Mbarara kichwani, na kila mmoja nikampatia sababu ya kukataa kabla sijamfikia. Wenzangu wa darasa walishafaulu, wangenionea huruma. Jirani wa ukutani sikuwahi kumsalimia kwa kirefu, na sasa ingekuwa ajabu kuanza na ini. Mwishowe nilibaki na watu wa steji, ambao nilishaaibika mbele yao, kwa hiyo aibu ya kupoteza haikuwepo. Nilikwenda saa ambayo yule wa koti la mvua alikuwa peke yake.

Nilimweleza mtihani, na kwamba nikishindwa nitarudi kambini. Alisikiliza akitazama barabara.

"Mimi hapana soma," alisema. "Kiingereza yangu ni ya bei tu."

"Si lazima uelewe. Ni kuhesabu."

"Na kama abiria nakuja?"

"Unakwenda."

Alichota vizibo kwenye ubao wa dama. "Ngapi?"

"Saba."

Akavipanga saba juu ya tangi la pikipiki. Nikaanza, nikatazama chini kama mtoto. Alisukuma kizibo kimoja kwa kila jambo, kwa kidole chenye grisi. Nilipofika la tano alikirudisha kizibo mahali pake.

"Hiyo ulisema. Sasa wewe naweka koti ingine, lakini ni ile ile."

Alisema kweli. Nilikuwa nimelitaja jambo la pili kwa maneno tofauti, isipokuwa neno moja gumu, nalo sikio lake lilikuwa limelikamata. Peke yangu ningejipa maksi.

Tuliendelea hivyo mpaka siku za mtihani zilipokaribia, si kila siku na si kila mara mpaka mwisho wa orodha. Mara nyingi abiria alifika nikiwa kwenye la nne, naye akakusanya vizibo mfukoni na kuondoka, nami nikabaki nimesimama pale na mambo matatu mdomoni na hakuna wa kumpa. Wenzake walinitania. "Ogopa huyu, atakuimbia maini." Walinipa jina, Mwalimu wa Maini. Sikujua kama nicheke, na nilipoamua kucheka walikuwa wamehamia jambo jingine. Sitadanganya kwamba tulikuwa marafiki. Hakuwahi kuniuliza nyumbani kwetu ni wapi, nami sikumuuliza kwa nini anavaa koti la mvua. Lakini nilikuwa nalala nikiwa nimesema na mtu.

Usiku wa kuamkia mtihani nilimtumia mama ujumbe mmoja tu, mambo yote kuanzia mwanzo. Asubuhi alikuwa bado hajausikia.

Swali la ini lilikuwepo. Nilichora duara saba ndogo pembeni mwa karatasi ya rafu na kuanza kuziweka alama, moja kwa kila jambo nililoandika. Damu. Nyongo. Sumu. Zilikuja kwa mpangilio niliouzoea, na moja ilikuja na harufu ya petroli. Duara sita zikajaa. Ya saba ikabaki tupu.

Zamani ningeandika lolote hapo, jambo la pili lililovaa koti jingine. Safari hii nililisikia kabla sijaliandika, nikaliacha. Niliitazama ile duara mpaka msimamizi akasema muda umekwisha. Ilikuwa inalia, nami sikuweza kuiitikia, ila angalau nilijua kwamba kuna moja imebaki. Mara ya kwanza sikujua hata kwamba kuna kitu kinakosekana.

Matokeo yalipobandikwa nilitafuta namba yangu kwanza upande wa walioshindwa, ndivyo nilivyo. Haikuwepo. Nikaikuta upande mwingine, nikarudi kuangalia tena upande wa kwanza kwa kuogopa kwamba iko kote kuwili.

Nilikwenda steji. Yule wa koti alikuwepo, anamsaidia mwanamke mmoja kufunga gunia la viazi nyuma ya pikipiki.

"Nimepita," nikamwambia.

"Mm." Alikaza mpira wa kufungia. "Zote saba?"

"Sita. Ya saba ilikuja nilipokuwa getini, natoka."

"Basi hiyo hapana ya wao. Hiyo ni ya kwako." Yule mwanamke akapanda juu ya kiti, wakaondoka kuelekea sokoni, gunia likiyumba.

Nilirekodi ujumbe kwa mama. Nilisema nimepita, kisha nikasema haraka asiwe na wasiwasi, nimekula, afya ni nzuri. Nikatuma. Kule ulikuwa usiku na simu yake ilikuwa imezimwa. Ile alama ndogo ya kwamba ujumbe umefika haikutokea. Wenzake yule wa koti walikuwa wameanza dama mpya na hawakuinua macho.

Niliweka simu sikioni ili nisionekane nimesimama bure, nikashika barabara ya Ruti. Nikamwambia mama, ambaye hakuwepo, ile ya saba: kitabu kinahifadhi sukari, kinaitunza kwa siku ambayo mtu hana cha kula. Nikangoja kidogo, jinsi mtu anavyongoja punje itue kwenye sufuria, kisha nikaendelea kutembea.