Kiinua Mgongo cha Wifi Verediana

Wifi yangu Verediana alikuwa na sauti mbili za kazi, na mtaa wetu wote pale Mwanga ulizijua. Ya kwanza ilikuwa "bado, mama, bado," laini, ya kubembeleza. Ya pili ilikuwa "sasa! Sukuma!" na hiyo ungeisikia hata ukiwa sokoni unapimiwa mawese. Alikuwa mkunga wa serikali tangu ujana wake, na nusu ya vijana wanaotupigia kelele za muziki hapa Kigoma aliwahi kuwashika miguu vichwa vikiwa chini. Lakini mtu huyo, aliyejua kwa kugusa tumbo tu kama saa imefika, zamu yake mwenyewe ilipofika alishindwa kabisa kujua kama ni bado au ni sasa.

Mwaka huo wa tisini na sita alikuwa ametimiza hamsini na tano. Kwa mtumishi wa serikali hapo ndipo mlango wa kwanza unapofunguka: unaweza kustaafu kwa hiari, ukapokea kiinua mgongo na pensheni, ukaenda zako. Au ungoje sitini, ustaafishwe utake usitake, ila kiinua mgongo kinakuwa kimenona kwa sababu miaka ya kazi imeongezeka. Wengine wakifika hapo wanafikiria hesabu. Wifi alikuwa anamfikiria Pastory.

Pastory alikuwa fundi wa boti kule Mwamgongo, mgane, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Walikutana wakati wa chanjo ya watoto. Mwamgongo huendi kwa gari. Unapanda boti Kibirizi, na ukifika unashuka majini na kutembea mpaka mchangani. Wifi alishuka na sanduku la chanjo kichwani, akakanyaga jiwe lenye utelezi, akazama mpaka shingoni, lakini sanduku halikugusa maji. Pastory alikuwa anapigilia ubao pale ufukoni. Akatupa nyundo, akaingia ziwani na nguo zake zote, na kwanza akapokea sanduku. Akalipeleka, akaliweka kivulini, ndipo akarudi kumchukua mwenye sanduku.

"Hapo ndipo aliponiweza," wifi aliniambia, akicheka mpaka kanga inamdondoka. "Angenishika mimi kwanza ningemwona mhuni."

Kuanzia hapo kila boti iliyotoka Mwamgongo ilituletea dagaa. Wifi akaanza kuimba akifua. Mwanamke wa miaka hamsini na tano, mjane mwenye wajukuu, anafua shuka na anajichekea mwenyewe! Kisha Pastory akasema wazi kwamba anataka ndoa, ya kanisani, ila yeye hawezi kuhama, maana boti hazijengwi sokoni Mwanga. Kama wifi anamtaka, astaafu, ahamie Mwamgongo.

Mimi sikutaka, na sioni haya kusema. Verediana ni dada wa mume wangu Feliksi, na tuliishi uani pamoja tangu nilipoolewa. Feliksi ukimchokoza analala. Wifi akienda Mwamgongo, nitagombana na nani? Kwa hiyo kila asubuhi nilimmiminia chai na kumwambia, "Subira yavuta heri, wifi. Ngoja sitini."

Naye alikuwa na kisingizio chake. Miaka hiyo ziwa lilikuwa linaleta watu. Warundi, Wakongo, wanashuka Kibirizi na magodoro na kuku wao, na wanawake wengine uchungu umewashika humo humo njiani. Wifi aliwapokea pamoja na Lyse, mkunga wa Kirundi ambaye mwenyewe alikuwa mkimbizi, na wakubwa wa hospitali walimwomba asaidie kwa kuwa anaijua kazi na anaijua lugha. "Nitawaachaje hawa?" wifi alikuwa akisema. Lyse alimsikiliza hivyo mara nyingi, mpaka siku moja akachoka.

"Dada Vere, mimi kule Bujumbura nilikuwa nimebakiza kidogo sana nistaafu," akasema, ameshika kikombe kwangu uani. "Nikapanga. Nitajenga, nitafuga mbuzi, nitalala mchana. Asubuhi moja tukakimbia. Sasa mimi niko hapa, pensheni iko kule, tunangojana." Akacheka, na sisi tukacheka kwa sababu yeye amecheka, lakini chai ya wifi ilipoa bila kunywewa.

Nikaona mpango wangu unazama. "Subira yavuta heri," nikasema haraka.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," Lyse akajibu. Alikuwa anajifunza methali zetu kwa kasi ya kuudhi. "Matumbo unayajua, dada. Wenzio unawaambia wakati wao. Wa kwako atakuambia nani?"

Wifi akanyanyuka, akaenda kuvaa. Alipotoka kwenda zamu niliona amevaa viatu vya kanisani.

Juma lililofuata Pastory akaja mwenyewe, akamkosa, akanikuta mimi natwanga sombe, yaani kisamvu. Nilimwamkia shikamoo kwa heshima zote, nikampa kigoda, nikajiambia kwamba nafasi ndiyo hii.

"Dada, naomba uniambie," akasema. "Mama Verediana ananipenda, naona. Mbona hasemi ndiyo?"

"Anangoja kiinua mgongo, mzee wangu."

Akashtuka. "Anangoja nini?"

"Kiinua mgongo. Serikali ndiyo inayotoa. Ila kizuri mpaka afike miaka sitini."

"Mana yanje! Mungu wangu, miaka mitano yote hiyo?"

"Ndiyo hivyo. Akichukua sasa kinakuwa kidogo."

"Kidogo hakitainua," Pastory akasema kwa huzuni.

"Hata kidogo," nikasema mimi, nikaendelea kutwanga.

Aliondoka anatikisa kichwa. Nikajipongeza kwamba ameelewa upesi, kumbe ameelewa mno.

Zawadi zikabadilika. Dagaa waliokuwa wakija kwenye gunia sasa wakaja kwenye kifurushi cha ukubwa wa ngumi, na boti iliyofuata ikaleta vifurushi vingine vya aina hiyo hiyo, na mletaji ana agizo kwamba mama asibebe vyote kwa pamoja. Ikaja chupa ya mawese yaliyochemshwa na mizizi, yananuka mpaka paka akahama. Wifi akapaka kwenye nywele, akidhani ni ya nywele. Halafu ikaja bakora. Fimbo ya kutembelea, ya mti mgumu, imepigwa msasa, kishikio kimechongwa vizuri kabisa.

Wifi aliigeuza geuza mkononi. Nikamwona uso unabadilika.

"Kumbe ananiona kikongwe," akasema. "Ananichezea. Mimi nimekwisha kuvaa viatu vya kanisani kwenda zamu, yeye ananiletea mkongojo!" Akaitupa juu ya kabati. "Sitini, wifi. Nangoja sitini. Na yeye akaoe mbao zake."

Nilikuwa nimeshinda. Furaha yangu ilidumu mpaka chakula cha usiku. Wifi alikuwa anasogeza ugali huku na huku bila kula, na nilipomwambia kwa uchokozi kwamba mboga aliyopika imekosa chumvi, alisema, "Ni kweli, wifi," akanyanyuka akaenda kulala. Katika miaka yetu yote hakuwahi kuniambia ni kweli. Asubuhi akafua bila kuimba. Roho iliniuma kweli kweli. Mtu wa kugombana naye nilikuwa naye, ila ugomvi wenyewe ulikuwa umemtoka.

Basi nikageuka. Nikamwambia, "Mtu akikutukana kwa fimbo, fimbo yake unamrudishia mkononi, tena mbele za watu. Jumapili boti ya Mwamgongo inakuja, na yeye yumo. Twende." Sikujua nitafanya nini tukifika, nilitaka tu waonane. Macho yake yakawaka kidogo, na hiyo tu ilinitosha.

Jumapili baada ya misa tukashuka Kibirizi, wifi mbele na bakora mkononi, mimi nakimbia nyuma, na Lyse nyuma yangu kwa sababu hakuna kitu alichokubali kukikosa. Ufukoni palikuwa na umati, na umati ulikuwa unacheka. Boti mpya ya Pastory ilikuwa imeegeshwa, na katikati ya boti hiyo, palipostahili kuwa na ubao wa kukalia kama boti zote za ziwa hili, palikuwa na kiti. Kiti hasa. Kina mikono, kina mto wa usufi uliovikwa kitenge, na kina egemeo refu lililopinda kidogo kwa nyuma. Mchuuzi mmoja wa samaki alikuwa anauliza kama askofu anasafiri.

Pastory alikuwa amesimama kando, jasho linamtoka kwa aibu. Akainua macho, akamwona wifi anakuja mbio mchangani, fimbo imeinuliwa, mgongo umenyooka kama mchi.

"Umepona!" akapiga kelele.

Wifi akasimama. "Nimepona nini?"

"Mgongo!"

"Mgongo gani?"

Pastory akanigeukia mimi, maskini, akitafuta msaada. "Si dada huyu aliniambia? Kwamba unangoja kiinua mgongo cha serikali. Kwamba kizuri ni mpaka miaka mitano ipite, na cha sasa ni kidogo, hakitainua."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kiswahili cha Pastory ni cha wavuvi, nyumbani kwake ni Kiha tu, na mgongo katika Kiha ni umugongo, mgongo huo huo wa kubebea magunia. Hakuwahi kuajiriwa na mtu, na maisha yake yote hakuna aliyemstaafisha. Angejuaje kwamba serikali inainua migongo kwa fedha?

Lyse ndiye aliyeanza. Aliketi mchangani, akalala kabisa, akawa anapiga mchanga kwa kiganja. Kisha mchuuzi wa samaki, kisha ufuko wote. Mimi nilicheka mpaka nikashika boti nisianguke. Wifi peke yake hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kiti.

"Ulidhani nimepinda mgongo," akasema polepole. "Ulidhani siwezi kubeba hata kifurushi cha dagaa."

"Ndiyo."

"Na bado ukanijengea boti?"

"Boti nilikuwa nayo," Pastory akasema. "Nimejenga kiti. Nikaona serikali inachelewa, na wewe unaumia. Nikasema, mimi ni fundi. Kuinua mgongo si mbao tu?"

Hapo wifi akacheka. Alicheka na kulia kwa pamoja, kilemba kikamfunguka, akakiacha kining'inie. Akanipa bakora niishike. Akakunja kitenge, akaingia majini na viatu vya kanisani, akapanda botini bila kushikwa mkono na mtu, akaketi kwenye kiti chake, akaegemea. Akafumba macho kidogo.

Lyse akainua kichwa mchangani. "Dada Vere! Ni bado?"

"Ni sasa!" wifi akasema, na ilikuwa ile sauti ya pili, ile inayofika sokoni. "Pastory, unasubiri nini? Sukuma! Sukuma, baba, sukuma!"

Na Pastory akasukuma, na mchuuzi wa samaki akasukuma, na mimi nikasukuma kwa bega hili, nikijua kabisa ninamsukuma nani na anakwenda wapi. Walizunguka mpaka karibu na bandari wakarudi, na njia nzima tulimsikia akiimba.

Juma hilo hilo nilimsindikiza ofisini kuandikisha kustaafu kwa hiari. Kijana wa pale alikuwa na adabu, alitaka kumsaidia. "Mama, ungesubiri kidogo," akasema. "Ukienda sasa, kiinua mgongo kitakuwa kidogo."

"Hicho kidogo kitanikuta Mwamgongo, mwanangu," wifi akamwambia. "Mgongo wenyewe umekwisha kuinuliwa."

Kijana akamtazama mgongo, akanitazama mimi. Nikatoka nje nichekee huko, maana ofisini hawapendi kelele.